Nyumba Mbili, Daraja Moja

Mwezi huu naomba tuongee habari za nyumba. Usifungue ukurasa mwingine haraka, sijageuka dalali! Nataka kukusimulia jinsi karatasi moja ya ramani ilivyotaka kunivurugia ndoa, na jinsi nyumba za ajabu za nchi za watu zilivyonisaidia kuiweka sawa.

Mimi na baba watoto tuna kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam, kule ambako daladala ikishakushusha unapanda bodaboda, halafu bado unatembea kwa miguu. Kina mwembe mmoja mkubwa katikati. Tulikinunua kwa kujinyima kweli kweli, tukafyatua tofali elfu mbili, tukazipanga pembeni, majani yakaota juu yake huku sisi tunatafuta hela ya msingi. Kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda kuziangalia tofali zetu kama watu wanaokwenda kumwangalia mtoto aliyeko bweni.

Basi jioni moja mwenzangu akarudi kazini na karatasi kubwa imekunjwa mara nne. Ramani. Kapewa na mfanyakazi mwenzake ambaye tayari kajenga. Ghorofa moja, vyumba vitano vya kulala, kibaraza juu, na mbele nguzo nne nene za kutisha, utadhani benki. Na mwembe je? Unakatwa. Hapo ndipo inapokaa sebule.

Nikaitazama ile karatasi, nikauliza, "Mimi hapa nitakaa wapi?"

Akanishangaa. "Si utakaa ndani ya nyumba?"

Msomaji wangu, wewe unajua kazi yangu ni kuandika. Naandika usiku watoto wakishalala, kwenye meza ya chakula, kompyuta huku, sufuria ya maharage kule. Kwa hiyo nikamjibu bila kupima maneno, "Nataka chumba changu peke yangu. Chenye mlango."

Hiyo sentensi ilitugharimu wiki tatu. Yeye alichosikia ni kwamba nimemchoka. Mimi nilichosikia kutoka kwake ni kwamba nyumba ni ya kuonyeshea watu na mimi ni mpishi wake. Tukawa tunaongea kwa kupitia watoto. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie mama yako nimeshakula." Jumamosi ya kwanza hatukwenda kiwanjani. Ya pili hatukwenda. Ya tatu mvua ikanyesha, kila mtu akapata sababu.

Nilidhani nitacheka tu

Katikati ya mnuno huo mhariri akaniomba makala nyepesi kuhusu majengo ya ajabu duniani, yale ambayo ukiyaona kwenye picha unasema huyu aliyejenga alikuwa sawa kweli? Nikasema afadhali, angalau nitacheka. Nikaanza na yaliyo rahisi kucheka.

Kule Rotterdam, Uholanzi, kuna nyumba za umbo la dadu. Lakini si dadu lililokaa kwa utulivu, la! Limeinuliwa juu ya nguzo na kusimamishwa kwa kona yake, kama vile mtu kalirusha likagoma kuanguka. Alizibuni Piet Blom na zikakamilika mwaka 1984. Zipo 38, zimeshikana. Mwenyewe alisema kila nyumba ni mti, na zote kwa pamoja ni msitu.

Sasa ukiingia ndani, kuta zimelala. Nyumba ina kama mita za mraba 100, lakini robo yake hivi huwezi kuitumia kwa sababu ukisogea ukutani kichwa kinagonga. Kabati lako la nguo ulilonunua kwa fundi wa Keko halitasimama humo hata ulishike na wanaume wanne. Inabidi samani zichongwe kufuata nyumba. Na bado watu wanaishi humo, na mojawapo iko wazi kwa wageni waje kushangaa.

Halafu kuna jengo la Prague, Jamhuri ya Czech, linalocheza dansi. Sikutanii. Walilibuni Vlado Milunić na Frank Gehry, likakamilika mwaka 1996 kwenye kiwanja ambacho jengo lake la zamani lilipigwa bomu mwaka 1945. Lina minara miwili. Mmoja wa zege umesimama wima kama bwana aliyevaa suti, na mwingine wa kioo umebanwa kiunoni na kumwegemea mwenzake kama bibi aliyevaa gauni. Watu wakalibandika jina la Fred na Ginger, wale wacheza dansi wa sinema za Marekani, Fred Astaire na Ginger Rogers. Lilipojengwa wenyeji wengi walilalamika kwamba linaharibu mtaa wao wa majengo ya kizamani. Leo ni moja ya picha ambazo mgeni wa Prague haondoki bila kupiga.

Nikacheka peke yangu saa tano usiku. Nikageuka ili nimwonyeshe mwenzangu, nikakumbuka tumenuniana.

Mama wa ngazi fupi

Nilipofika California sikucheka tena. Katika mji wa San Jose kuna nyumba ya mjane aliyeitwa Sarah Winchester, wa ile familia ya bunduki za Winchester. Alizaa mtoto mmoja wa kike mwaka 1866, akafariki akiwa mchanga wa wiki chache tu. Mwaka 1881 mume naye akafariki kwa kifua kikuu. Sarah akahamia California, na mwaka 1886 akanunua nyumba ya shamba yenye vyumba vinane. Akaanza kuiongeza. Akaongeza, akaongeza, akaongeza, mpaka anafariki mwaka 1922 nyumba ina vyumba kama 160. Kuna ngazi inayopanda mpaka kwenye dari, basi, imeishia hapo. Kuna mlango wa juu ambao ukiufungua na kupiga hatua unaangukia nje.

Watu wakasema ana mizimu, eti anajenga ili kuwachanganya mashetani wa wote waliouawa kwa bunduki za mumewe. Stori tamu, ila wanaochunguza historia wanaitilia shaka. Tetemeko la mwaka 1906 liliangusha sehemu za juu na mama yule hakuzijenga upya, ndiyo maana mlango mwingine ukabaki unafungukia hewani.

Kilichonishika mimi ni ngazi moja. Ina vidato 44, lakini vyote kwa pamoja havikupandishi hata mita tatu. Inazunguka, inakata kona, inazunguka tena, na kila kidato ni kifupi kama unene wa vidole vitatu. Mtu akiiona anasema huyu mwanamke kweli alichanganyikiwa. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa viungo! Hakuweza kunyanyua miguu. Ile ngazi ya kichaa ndiyo iliyomfikisha kitandani kwake.

Nikakaa kimya hapo. Nikajiuliza, hivi ni vitu vingapi vya mwenzangu naviita ujinga kwa sababu tu sijui anaumwa wapi?

Wanaume wawili na mawe yao

Nikaendelea. Ufaransa, katika kijiji cha Hauterives, palikuwa na tarishi wa posta aitwaye Ferdinand Cheval. Kila siku alitembea zaidi ya kilomita 30 kugawa barua. Siku moja mwaka 1879 akajikwaa kwenye jiwe, karibu aanguke. Wewe na mimi tungelitukana lile jiwe. Yeye akaliokota, akaliona zuri, kesho yake akarudi kutafuta mengine. Mwanzoni aliyabeba mfukoni, baadaye kwenye kikapu, mwisho kwa toroli. Usiku akiwasha taa ya mafuta anajenga kasri la ndoto zake, peke yake. Majirani wakasema kashaharibikiwa. Alijenga miaka 33, mpaka mwaka 1912. Kasri lina urefu wa mita 26, limejaa wanyama, majitu, miti ya mawe na mahekalu ya nchi ambazo hakuwahi kufika. Na ndani yake alitenga mahali maalumu kwa ajili ya toroli lake! Mwaka 1969 serikali ya Ufaransa ikalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa.

Hapo nikafikiri, huyu mzee alikuwa na mke na watoto. Miaka 33 ya usiku, baba yuko nje na mawe yake. Vitabu vinamsifu yeye, sawa, lakini wanawake wenzangu mnajua ni nani alikuwa anapasha uji.

Mwingine ni Edward Leedskalnin, aliyezaliwa Latvia mwaka 1887. Mtu mfupi, mwembamba, umbo la mtoto wa sekondari. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na mchumba wa miaka 16, na huyo binti akaghairi siku moja tu kabla ya harusi. Edward akahamia Marekani, na huko Florida, kuanzia mwaka 1923, akaanza kujenga ngome ya mawe kwa mikono yake. Aliendelea mpaka anafariki mwaka 1951. Jumla kama tani 1,100 za mawe! Alipenda kufanya kazi usiku watu wasimwone, akitumia minyororo, kapi na magogo. Mle ndani kuna vitanda vya mawe, viti vya mawe, bembea ya mawe, na meza ya jiwe yenye umbo la moyo. Aliandaa mpaka vitanda vya watoto. Huyo bibi harusi hakuja.

Jamani. Unajenga kitanda cha mtoto ambaye mama yake hayupo, na hujui kama anajua kwamba unajenga.

Sasa linganisha. Cheval alijenga akiwa na familia ndani lakini ndoto ikiwa yake peke yake. Edward alijenga kwa ajili ya mwenzake, lakini mwenzake hakuulizwa. Nikaangalia kwenye kabati, ile ramani ya nguzo nne ilikuwa bado imekunjwa pale. Baba watoto alikuwa anajenga kwa ajili yangu, sikatai. Ila hakuwa ameniuliza. Na mimi je? Mimi nilitaka mlango wa kufunga, na sikuwa nimemweleza kwa nini.

Frida na Diego

Mwisho nikafika Mexico, na hapa ndipo nilipoharibu kabla sijatengeneza.

Katika mtaa wa San Ángel, jijini Mexico, msanifu Juan O'Gorman alijenga mwaka 1931 na 1932 nyumba kwa ajili ya wachoraji wawili, mume na mke, Diego Rivera na Frida Kahlo. Nimekosea, si nyumba. Nyumba mbili. Ya Diego kubwa, ya Frida ndogo ya rangi ya bluu. Zimesimama jirani, uzio wake ni mimea ya miiba, na kule juu darini zimeunganishwa na daraja jembamba. Kila mmoja ana mlango wake, ngazi yake na chumba chake cha kuchorea. Ukimkumbuka mwenzako unapanda juu, unavuka.

Nikasema ndiyo hii! Kesho yake nikavunja mnuno, nikampelekea picha mezani. "Ona, hawa walikuwa wasanii wakubwa, waliishi hivi, kila mtu na nafasi yake."

Akaisoma kwa utulivu, mwanamume wa watu. Halafu akauliza, "Ikawaje?"

Nikameza mate. Kwa sababu iliyotokea haikuwa ya kunisaidia. Walihamia humo mwaka 1934, na kipindi hicho hicho Diego alitembea na Cristina, mdogo wake Frida wa tumbo moja. Frida akahama. Mwaka 1939 wakapeana talaka. Mwaka 1940 wakaoana tena, kweli, lakini Frida akarudi kuishi kwenye nyumba aliyozaliwa, na huko ndiko alikofia mwaka 1954.

"Kwa hiyo," baba watoto akasema, "unataka tujenge nyumba mbili ili tuachane vizuri."

Nikashikwa na hasira, machozi yakanitoka. Na ndipo, kama kawaida yetu hapa mjini, umeme ukakatika.

Tukatoka nje barazani kwa ajili ya joto. Gizani watu huongea vizuri zaidi, sijui kwa nini, labda kwa sababu huoni uso uliokukunjia ndita. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Unajua mimi nililala wapi mpaka naingia sekondari?"

Nilijua kwao walikuwa wengi. Sikujua zaidi ya hapo.

"Sebuleni. Mimi na kaka zangu. Godoro tunaliweka nyuma ya kochi. Wageni wa baba wakija, tunasinzia tumekaa mpaka waondoke ndipo tutandike. Siku nyingine saa sita. Nikajiapia, nyumba yangu hakuna mtu atakayesubiri mgeni aondoke ndiyo alale."

Vyumba vitano, msomaji wangu. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake. Mimi nilikuwa nimehesabu sifa, kumbe yeye alikuwa anahesabu magodoro.

Na mimi nikamwambia ya kwetu. Mama yangu alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi, lakini katika nyumba nzima hakuwa na kiti kilichokuwa chake. Akipata barua kutoka kwa dada yake aliisomea chooni, kwa sababu ni huko tu alikoweza kufunga mlango, na bado tulikuwa tunamgongea. Mimi nikijifungia sikimbii mume. Nakimbia lile gongo la mlangoni.

Akacheka kidogo. Nikamuuliza, "Na zile nguzo nne?"

"Nguzo? Mimi nguzo sina habari nazo. Zilikuwa kwenye ramani tu."

Wiki tatu! Mimi naapa nilimchukia mtu kwa ajili ya nguzo ambazo hata hakuzitaka.

Nikirudi kwa Frida na Diego, nafikiri nyumba zile mbili hazikuwa na kosa. Daraja lilikuwepo. Kilichokosekana ni uaminifu, na hicho hakijengwi kwa zege. Waliishi kwenye nyumba mbili wakaumizana, lakini wapo pia wanaolala kitanda kimoja cha futi tano kwa sita na wanaumizana kila siku.

Mwembe umebaki

Tulimtafuta kijana anayechora ramani, tukamweleza. Alicheka kwanza. "Shikamoo dada, sasa hii nyumba mbona itakuwa ya ajabu?" Tukamwambia chora tu.

Nyumba imepinda kama pembe kuuzunguka mwembe. Fundi alituonya kuhusu mizizi, kwa hiyo msingi ukasogezwa mbali na shina, na uwanja ukawa mkubwa kuliko tulivyotaka. Vyumba vya kulala vinne, na sebule haitalaliwa na mtu. Chumba cha tano ni changu, kidogo, kiko ng'ambo ya uwanja, na unakifikia kwa njia fupi iliyoezekwa bati, hatua kama nane hivi. Mwenzangu anaiita daraja. "Mama yenu yuko ng'ambo ya daraja," anawaambia watoto, "msimgongee."

Jambo jingine lililobadilika ni madirisha. Kwenye ile ramani ya kuazima sebule ilitazama magharibi, jua lote la alasiri linaingia ndani, halafu uweke kiyoyozi na ulipe umeme mpaka uzeeni. Nikamwonyesha mchoraji wetu jengo la Eastgate la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alipata wazo kwa kuangalia vichuguu vya mchwa. Hewa baridi ya usiku inapitishwa kwenye jengo, zege linaitunza ile baridi, na hewa ya moto inapanda na kutokea kwenye mabomba marefu kama ya moshi kule juu. Jengo kubwa la maduka na ofisi, na halina mitambo ya kiyoyozi ya kawaida. Sisi hatujengi kichuguu, lakini tumegeuza sebule, tumeweka matundu ya hewa juu ukutani na kivuli cha mwembe tumekipata bure.

Majirani wanasemaje? Wanasema. Mmoja aliniuliza kama tumeishiwa hela ndiyo maana nyumba imepinda. Nikamwambia ndiyo, na hela zenyewe kweli tumeishiwa! Tumefika kwenye lenta, tumesimama. Kwa sasa ni pagale kama mapagale mengine, mbuzi wa jirani wanalala kwenye chumba changu cha kuandikia. Na sitakudanganya kwamba tumekubaliana kila kitu. Yeye bado anautaka ule ghorofa, anasema watoto wakikua. Mimi sitaki ngazi nikizeeka. Hilo tumelihifadhi, tutaligombania kwa zamu yake. Ila Jumamosi tunakwenda tena, tunatandika mkeka chini ya mwembe, tunakula embe na chumvi, tunatazama tofali zetu.

Nyumbani tulikopanga, ukutani, kuna picha yetu ya fungate, mwaka 2016. Tumesimama Zanzibar mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa maajabu ya mji kwa sababu ya taa zake za umeme na lifti, vitu ambavyo watu wa huku hawakuwa wamevizoea. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 sehemu kubwa ya jumba lile ilianguka, na watu wawili walipoteza maisha. Siku ile tuliitazama hii picha bila kusema neno. Tulipopiga picha ile tuliona kuta nene na nguzo ndefu, tukasema haya ndiyo mambo ya kudumu. Kumbe uchakavu ulikuwa umeshaingia siku nyingi.

Na ndoa ni hivyo hivyo. Mtu wa nje anaona nguzo.

Kabla hamjachora ramani

Kama na ninyi mna kiwanja, au mna ndoto ya kiwanja, kaeni siku moja, zimeni simu, muulizane haya:

1. Ulipokuwa mtoto ulilala wapi? Ulisomea wapi? Usicheke jibu la mwenzako. Ramani yake yote inaweza kuwa imetoka hapo.

2. Siku ya kawaida, Jumanne kwa mfano, kila mtu atakuwa amekaa wapi saa mbili usiku? Jengeni kwa ajili ya Jumanne. Sherehe ni siku moja kwa mwaka, na viti vya kukodi vipo.

3. Kitu gani kwenye ramani kipo kwa ajili ya wapita njia tu? Kikiwepo, mkubaliane wote wawili kukilipia. Kama hakuna anayekitaka, kiondoeni. Mtaokoa nondo na maneno.

4. Nani kati yenu anahitaji upweke kidogo, na kiasi gani? Kuhitaji mlango si kumkataa mtu. Lakini lielezee mapema, kwa upole, siyo kama nilivyofanya mimi.

5. Wazee wakija, wadogo zetu wakija, watalala wapi? Na jina la nani litakuwa kwenye hati? Haya mawili ndiyo yanayoahirishwa kila siku, na ndiyo yanayokuja kuumiza.

6. Nani ataifagia, nani ataipaka rangi, nani atapanda kuziba bati linalovuja? Nyumba kubwa ina kazi kubwa, na mara nyingi kazi hiyo inamwangukia mmoja.

Mkimaliza, msishangae kama ramani yenu itakuwa ya ajabu kidogo, haifanani na ya mtu yeyote. Maisha yenu nayo hayafanani na ya mtu yeyote. Mjane wa San Jose aliijua sababu ya kila kidato cha ngazi yake, waliobaki nje walibaki wanahesabu mizimu.

Nisikuchoshe. Huko ng'ambo ya daraja bado hakujapauliwa, kwa hiyo mwezi ujao pia nitakuandikia kutoka kwenye meza ya chakula, pembeni ya sufuria ya maharage. Msalimie mwandani wako, na leo usiku umeme ukikatika, usikimbilie mshumaa. Muulize kwanza alilala wapi alipokuwa mtoto.